Namba ipi ndiyo jina? Namna ya kuutambua ubao mama wa zamani

Mwalimu mmoja wa sekondari aliweka picha kwenye kundi letu la mafundi wa kompyuta: ubao mama wa kijani, vumbi limegandamana kwenye feni, na chini yake swali fupi. "Wakuu, hii ni bodi gani? Nataka kuiongezea memori." Hazikupita dakika kumi, majibu yakawa yameshaingia, na karibu yote yalisema neno moja: "Hiyo ni E210882." Mwalimu akashukuru. Akaiandika namba hiyo mtandaoni, akaletewa picha za mbao nyingi zisizofanana hata kidogo, akachagua iliyokaribiana na yake, akaenda kununua memori ya DDR2. Alipoifikisha kwenye tundu lake, haikuingia.

Waliomjibu hawakumdanganya kwa makusudi. Namba E210882 imepigwa kweli kwenye ubao ule, tena kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Ila si jina la ubao. Ni namba ya jalada la UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa vifaa vya umeme, na Intel iliipiga kwenye mbao zake za aina nyingi kwa miaka mingi. Kuutambua ubao kwa namba ile ni sawa na kumuuliza mtu jina lake, akakutajia TIN ya kampuni iliyomwajiri.

Kosa hili nimeliona mara nyingi mno, na huwagharimu watu wasio na fedha za kuchezea: shule zilizopokea kompyuta za mtumba, vibanda vya uchapaji, wenye mashine za karakana ambazo programu yake haikubali kompyuta mpya. Kompyuta imefika kutoka Ulaya au Dubai, kasha limebadilishwa njiani, kitabu chake hakipo. Kilichobaki ni ubao wenyewe na maandishi yake.

Tuanze na maneno. Ubao mama, ambao mafundi wengi tunauita mazabodi au bodi tu, ni kile kipande kikubwa ndani ya kasha ambacho vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Prosesa ni chipu inayofanya hesabu. Hukaa kwenye soketi, chini ya feni. Memori ni vile vijiti virefu vinavyosimama wima. Sloti ni matundu marefu ya kuchomekea kadi za picha, sauti au mtandao. Chipseti ni chipu moja au mbili kubwa zinazopitisha habari kati ya prosesa, memori, diski na kadi. Zione kama kondakta wa daladala, haendeshi gari lakini bila yeye abiria hapandi wala hashuki kwa utaratibu. Bayosi ni programu ndogo inayokaa kwenye ubao wenyewe na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Na modeli ni jina ambalo kampuni iliyotengeneza ubao iliupa, lile lililoandikwa kwenye jalada la kitabu chake cha maelekezo. Hilo ndilo tunalolitafuta.

Kwa nini tusiridhike na "ni Pentium"? Kwa sababu mbao mbili zenye prosesa moja zinaweza kutofautiana kila kitu kingine: memori zinazokubali, mpangilio wa waya za swichi ya kuwashia, hata volti. Kwenye mbao za miaka ya 1990, volti ya prosesa mara nyingi hupangwa kwa jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili. Pentium ya kawaida ya enzi hizo hutumia volti 3.3, Pentium MMX, inayokaa kwenye soketi ileile na kufanana nayo kwa umbo, inataka 2.8 kwa moyo wake wa ndani. Bila modeli huna kitabu, na bila kitabu unapanga jampa kwa kubahatisha huku prosesa ikipata joto.

Kila namba ina mwenyewe

Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina lililoandikwa katikati kwa chini. Pembeni kuna maandishi madogo ya mwenye mali, kama yale yanayofahamika ya Mombasa, "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mtu akikuuliza kanga yako inaitwaje, humsomei "Mali ya Abdulla", maana maneno hayo yako kwenye kanga zisizohesabika. Unamsomea jina. Ubao mama nao una maandishi ya mwenye mali, ya mkaguzi, ya kiwanda, na lake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye ubao yote hupigwa kwa rangi moja nyeupe, na mara nyingi jina ndilo lenye herufi ndogo kuliko mengine.

Linalopotosha watu wengi kuliko yote ni 94V-0. Watu hulitafuta mtandaoni kama modeli, na wauzaji hulitangaza kama modeli. Ni daraja la kustahimili moto: lasema kwamba kipande cha ubao kikishikwa wima na kuwashwa, moto huzimika wenyewe ndani ya sekunde 10. Fungua chaja ya simu, redio, au televisheni iliyoharibika, utalikuta humo pia. Karibu nalo huwa kuna alama ya herufi R na U zilizogeuzwa kinyume, na namba inayoanza na E. Namba hiyo mara nyingi ni ya kiwanda kilichotengeneza ubao mtupu, kabla hata chipu moja haijabandikwa. Kiwanda kimoja huwauzia makampuni mengi, kwa hiyo namba moja huonekana kwenye mbao za majina tofauti kabisa.

N1996 ina kisa kama cha E210882. Utaikuta kwenye mbao za MSI, na watu huuza "bodi ya N1996" kana kwamba ni aina fulani. Ni namba ya usajili wa kampuni hiyo nchini Australia. Modeli yake ya kiwandani ni MS, kistari, na tarakimu nne, na mara nyingi imejibana katikati ya sloti mbili.

Alama ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, peke yake, kama ya CE ya Ulaya, inakwambia kwamba ubao ulikidhi masharti ya nchi fulani, basi. Lakini ukiona maneno FCC ID yakifuatiwa na herufi na tarakimu, hapo umepata kitu cha maana: herufi tatu za mwanzo, kwa mbao za zamani, ni za kampuni iliyoomba kibali, na tovuti ya FCC yenyewe hukuonyesha ni kampuni gani. Stika zenye mistari ya kusomwa na mashine kwa kawaida hubeba namba ya ubao huo mmoja, kama namba ya kitambulisho cha mtu. Stika yenye herufi na tarakimu kumi na mbili karibu na tundu la waya wa mtandao ni anwani ya mtandao. Sita za mwanzo hutaja kampuni iliyopewa fungu hilo la anwani, na wakati mwingine hiyo huwa ndiyo kampuni ya ubao. "Made in Taiwan" haikusaidii. Mbao nyingi za zama hizo zilitoka huko.

Umri wake husomwa mwilini

Kabla ya kusoma namba zaidi, utazame ubao mzima. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mikononi, kisha piga vumbi kwa brashi laini ya rangi. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, usimulike kutoka juu. Mwanga wa pembeni huinua herufi zilizofifia, hata zile zilizopigwa chini ya rangi ya kijani.

Sloti ndizo zinazosema umri haraka zaidi. Zile nyeusi ndefu ni ISA, za tangu kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981, zikarefushwa mwaka 1984. Nyeupe fupi zaidi ni PCI, iliyokuja mwaka 1992. Ya kahawia, moja tu, iliyojitenga kidogo na ukingo wa nyuma, ni AGP ya kadi za picha, ya mwaka 1997 na kuendelea. PCI Express ilianza kuonekana sokoni mwaka 2004. Ubao wenye ISA, PCI na AGP kwa pamoja, basi, umetoka miaka michache tu mwishoni mwa karne iliyopita. Ukikuta ISA iliyoongezewa kipande cha kahawia mbele yake, hiyo ni VLB, na mkononi una ubao wa 486, prosesa iliyoitangulia Pentium, wa mwanzoni hadi katikati ya miaka ya 1990.

Memori husema vilevile. Vijiti vya pini 30 au 72 vinavyoingizwa kwa kulazwa kisha kusimamishwa ni vya 486 na Pentium za mwanzo. SDRAM ina pini 168 na mikato miwili. DDR ina 184 na mkato mmoja. DDR2 na DDR3 zote zina 240, lakini mkato umehamishwa ili ya kizazi hiki isiingie kwenye tundu la kizazi kile. Mwalimu wetu angelihesabu mikato na kupima ilipo kabla ya kutoa pesa, angejua. Tundu lenyewe lilikuwa likimkatalia tangu mwanzo.

Soketi ya prosesa ni karimu: aina yake mara nyingi imechongwa kwenye plastiki yake. SOCKET 7, PGA370, SOCKET 462, mPGA478B, LGA775. Kuanzia LGA775 ya mwaka 2004, Intel iliondoa pini kwenye prosesa ikazihamishia ndani ya soketi, kwa hiyo ukiifungua usiiguse kwa kidole wala brashi. Pini moja ikipinda, ubao unaweza kugoma kuwaka.

Hapa nisisitize jambo la umeme. Mbao za mfumo wa zamani wa AT huchukua umeme kwa plagi mbili zinazokaa sambamba, P8 na P9. Zikichomekwa, waya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Ukizibadilisha nafasi, unaua ubao kwa sekunde moja. ATX, iliyoletwa na Intel mwaka 1995, ilimaliza hatari hiyo kwa plagi moja ya pini 20, baadaye 24, isiyoingia kinyume. Lakini kompyuta nyingi za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi yenye umbo la ATX na mpangilio wa waya usio wa ATX. Inaingia vizuri kabisa, na inaunguza. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ujue ubao ni wa nani kabla ya kuujaribisha kwa pawa saplai yoyote iliyo karibu.

Chipu na tarehe zake

Wengi wakiona neno Intel kwenye chipu kubwa, husema ubao ni wa Intel. Hapana. Intel, VIA, SiS na ALi ziliwauzia chipseti watengenezaji wengi, kama kiwanda cha injini kinavyowauzia waunda magari. Hata hivyo namba ya chipseti ina faida kubwa. 82443BX ni chipseti ya 440BX ya mwaka 1998, ya Pentium II na Pentium III. 82437VX ni ya 430VX, ya Pentium za kawaida. Ukishaijua, umepunguza uwezekano kutoka maelfu ya mbao hadi mamia.

Kisha tafuta tarakimu nne zilizokaa peke yake au mwanzoni mwa mstari kwenye chipu, mfano 9823. Mara nyingi huo ni mwaka na wiki: wiki ya 23 ya mwaka 1998. Soma chipu tano, sita, halafu ushike ile changa kuliko zote. Ubao hauwezi kuzaliwa kabla ya chipu iliyomo ndani yake, labda kama fundi alibadilisha moja baadaye.

Jina linapojificha

Sasa ndipo utafute jina. Tazama katikati ya sloti, ukingoni kando ya memori, kwenye pembe karibu na plagi ya umeme, na chini ya stika. Gigabyte hutanguliza GA na kistari, na huandika toleo pembeni, kama REV 1.1, toleo nalo ni muhimu, maana bayosi ya toleo moja inaweza isilifae lingine. ASUS huandika jina wazi, kama P2B. Kompyuta za makampuni makubwa huzungumza kwa namba za vipuri: Dell ina stika inayotaja DP/N na herufi tano baada ya sifuri, IBM hutumia FRU. Kwa hizo usihangaike kujua nani aliunda ubao. Namba ya kipuri ndiyo itakayokupa modeli ya kompyuta nzima, na mwongozo wake.

Kuna mbao ambazo hazikuandikwa jina kabisa, na nyingi kati yake zinatoka kwa PC Chips ya Taiwan. Hizi zinastahili maelezo, kwa sababu zimewasumbua watu duniani kote. Kampuni hiyo iliuza mbao za bei ndogo kupitia majina mengi, au bila jina lolote. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya mbao zake za 486 zilitoka na chipu za kache, ile memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, zilizokuwa plastiki tupu. Ndani hamkuwa na kitu. Bayosi ilirekebishwa ili mashine ikiwaka itangaze kache ambayo haipo. Baadaye zikaja chipseti zilizobandikwa majina ya "VX Pro" na "TX Pro", yanayofanana na 430VX na 430TX za Intel. Ndani zilikuwa chipu za kampuni za Taiwan zilizobadilishwa jina. Mnunuzi aliyeamini maandishi alitafuta draiva za Intel, zile programu zinazouwezesha mfumo kuzitumia chipu, hadi akachoka. Dalili ya kuzitambua ni herufi M na tarakimu tatu, kama M537 au M571, zilizopigwa mahali pa kificho. Kwa hiyo maandishi ya juu ya chipu ni ushahidi mmoja tu, uupime pamoja na mingine.

Ubao ukiwa bado unawaka, bayosi itakusaidia kuliko macho. Unganisha kibodi na skrini, uwashe, na maandishi ya kwanza yakitokea bonyeza kitufe cha Pause. Kwenye bayosi ya kampuni ya Award, chini kabisa ya skrini kuna mstari unaoanza na tarehe na kuishia na fungu la herufi, mfano 2A59IG0. Herufi tano za mwanzo ni chipseti: 2A59I ni 430TX, 2A59G ni 430VX, 2A69K ni 440BX. Mbili zinazofuata ni za kampuni: A0 ni ASUS, A1 ni Abit, G0 ni Gigabyte, F0 ni FIC. Bayosi ya AMI, kampuni nyingine ya bayosi, huandika mafungu ya tarakimu yenye vistari, na namba ya kampuni imo kwenye fungu la tatu. Piga picha mstari huo kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Mtu akibadilisha bayosi, unaweza usiuone tena.

Kama mashine ina Windows XP Professional au Linux, usifungue hata kasha. Kwenye Windows andika wmic baseboard get product,manufacturer katika dirisha la amri. Kwenye Linux, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, dmidecode inakuletea jina la kampuni, modeli na toleo. Mbao nyingine zitakujibu "To Be Filled By O.E.M.", maana yake kiwanda hakikujaza nafasi hiyo, na hapo unarudi kwenye brashi na tochi.

Ukishapata vipande viwili vitatu, yaani soketi, chipseti na idadi ya sloti za kila aina, nenda kwenye hifadhi ya The Retro Web, inayokusanya picha, vitabu na bayosi za mbao za zamani. Hapo unachuja kwa sifa hizo, kisha unalinganisha picha na ubao wako. Usilinganishe rangi, ubao mmoja uliweza kutoka wa kijani mwaka huu na wa kahawia mwaka ujao. Linganisha mahali vitu vilipo: betri iko upande gani, plagi ya umeme imelala au imesimama, chipu ya bayosi iko pembe ipi.

Nilimwomba mwalimu picha nne: ubao mzima kutoka juu, katikati ya sloti, soketi bila feni, na kila stika kwa karibu. Soketi ilisema mPGA478B. Palikuwa na AGP moja, PCI tatu, na matundu manne ya memori yenye mkato mmoja. Kando ya memori, chini ya vumbi ambalo hakuna aliyemwambia alifute, kulikuwa na stika ndogo nyeupe inayoanza na AA, ikifuatiwa na herufi moja, tarakimu tano, kistari, na tarakimu tatu. Kwenye mbao za Intel, AA hiyo ndiyo inayoelekeza kwenye modeli. Ikatupeleka kwenye D865GLC: chipseti ya 865G ya mwaka 2003, memori ya DDR yenye pini 184, mwisho GB 4.

Intel ilitangaza mwaka 2013 kuacha biashara ya mbao za kompyuta za mezani, na mwaka 2019 ikaondoa draiva na bayosi nyingi za zamani kwenye tovuti yake, hivyo draiva zake tulizipata kwenye nakala zilizohifadhiwa Internet Archive. Mwenye duka alikubali kumbadilishia mwalimu zile DDR2. Vijiti viwili vya DDR vya GB 1 vikaingia bila kulazimishwa, na bayosi ikavihesabu vyote viwili.